Ukoo Usiokula Mlenda

Jina la ukoo wetu ni la Kiingereza, na ndani ya ukoo wenyewe hakuna Mwingereza hata mmoja. Naanza na hilo kwa sababu mjukuu wangu, mwenye kazi ya ofisini hapa Dodoma na tai anayoivaa hata siku ya kwenda sokoni, amenijia na habari kwamba amekutana na mzungu mgeni mwenye jina kama letu. Walishikana mikono, wakacheka, na mzungu akamwuliza tunahusianaje. Mjukuu wangu akaja kuniuliza mimi, macho yanamng'aa, utadhani nimemfichia shamba la urithi huko Ulaya.

Jina lenyewe sitaliandika. Limeandikwa vya kutosha: kwenye vyeti vya ubatizo, kwenye misalaba ya makaburini, kwenye kibao cha duka la binamu yangu ambaye kibao hicho hawezi kukisoma. Wala sitamtaja mtu mwingine yeyote kwa jina, maana majina ndiyo yaliyotufikisha hapa. Nitaeleza tu jinsi jina hilo lilivyoingia kwetu, likatoka, likarudi, na lilivyotaka kuninyima mume.

Lilikuja na padri wa misheni ya Waingereza upande wa Kongwa, wakati nchi hii ilikuwa ya Wajerumani, au Wadachi kama tulivyowaita. Padri huyo sisi tulimwita Bwana tu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu nyekundu, sauti ya upole na tumbo bovu. Wadachi walikuwa wakitoza kodi na kuchapa watu viboko, na yeye alimwombea aliyechapa na aliyechapwa kwa maneno yale yale, kisha akaenda kunywa chai. Simsemi vibaya. Nasema nilichokiona.

Kabla sijazaliwa kulikuwa na njaa, na vijana wawili walikimbilia misheni wakiwa mifupa mitupu. Mmoja alikuwa baba yangu mkubwa, kaka wa baba yangu mzazi. Wa pili alitoka Haneti, wala hakuwa na udugu nasi wa aina yoyote. Bwana akawalisha, akawafundisha kusoma, akawabatiza. Na kwa kuwa kwetu mtoto anayelelewa kwenye boma la mtu huhesabiwa wa boma hilo, wote wawili wakaomba jina la Bwana, naye akawapa. Nimeambiwa alitokwa na machozi. Namwelewa. Hakuwa na mke wala mtoto, na ghafla akapata wana wawili wakubwa wanaojua kuchunga ng'ombe, bila kutoa hata mbuzi wa mahari.

Yule wa Haneti alilibeba jina kimyakimya. Alichunga ng'ombe wa misheni, akaoa, akapata mtoto mmoja wa kiume, mkewe akafariki, akaendelea kuchunga ng'ombe. Baba mkubwa yeye alilivaa jina lile kama joho. Baba yangu alipofariki, mama bado yuko kwenye matanga, baba mkubwa alikuja nyumbani kwetu akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo sisi watoto wa marehemu nasi ni wa jina la Bwana. Mama alikuwa na mengine ya kulia.

Sasa, kwa Mgogo jina la ukoo haliwezi kukaa hivi hivi. Ukoo lazima ujue ulikotoka. Lazima uwe na watani wake, yaani ukoo mwingine ambao mnatukanana na kunyang'anyana vitu bila mtu kukasirika. Na lazima uwe na mwiko, kitu ambacho watu wa ukoo huo hawakili, na wakikila ngozi inawatoka mabaka na meno yanawadondoka. Watu wasio na hayo ni watu waliokutana kisimani tu. Baba mkubwa alilijua hilo, na kwa kuwa jina la Bwana lilikuja bila vitu hivyo, akakaa chini akavitengeneza.

Asili aliipata kwa Bwana mwenyewe. Alimchokonoa miaka na miaka, jioni baada ya sala, mpaka akawapata mababu. Bwana alizaliwa na mtu aliyeuza mishumaa. Huyo alizaliwa na mtu aliyeshona viatu. Huyo naye alizaliwa na mtu aliyechunga kondoo wa tajiri kwa ujira. Ni watu wa kawaida kabisa, na Bwana aliwasema hivyo hivyo bila kupiga chuku. Lakini siku baba mkubwa alipowasimulia kwenye sherehe ya mavuno, mchunga kondoo wa watu alikuwa amekwisha kuwa mwenye kondoo, na kondoo wenyewe walijaza bonde zima. Mshona viatu aliwashonea wafalme. Muuza mishumaa sijui aliangaza nini, lakini aliangaza nchi nzima. Wazee walisikiliza wakitikisa vichwa kwa heshima, maana mtu mwenye mifugo mingi hivyo hakosi kuheshimiwa hata akiwa marehemu wa Ulaya.

Walipomwuliza watani wa ukoo huo ni akina nani, alijibu bila kufikiri: "Wadachi. Wanatuchukulia ng'ombe, na sisi hatukasiriki."

Watu walicheka sana. Nadhani hilo ndilo neno pekee la akili alilolisema maisha yake yote, na alilisema kwa bahati.

Mwiko ndio uliotuua. Baba mkubwa aliwahi kumhudumia Bwana mezani, na akakumbuka kwamba Bwana hagusi mlenda. Sababu yake kila mpishi wa misheni aliijua: siku ya kwanza alipoujaribu ulimvutika kwenye ndevu, ukamchuruzika mpaka kwenye kola, na wageni walikuwepo. Hakuurudia tena. Lakini baba mkubwa alitazama ndevu zile akaona mila. Akatangaza kwamba ukoo wetu hauli mlenda.

Asiyeishi Ugogo hawezi kuelewa ujinga wa tangazo hilo. Kiangazi kikishika, mboga ni mlenda. Majani yamekaushwa, yametwangwa, yamehifadhiwa kwenye kibuyu, yanapikwa kwa chumvi ya magadi na karanga zikipatikana, ugali wa uwele unateremka wenyewe. Ukiuondoa mlenda unabaki na ugali na mate yako. Ng'ombe wakikauka maziwa, sisi watoto tulikula ugali na chumvi, tukikodolea macho chungu cha mama. Yeye hakufungwa na mwiko, maana mke hubaki wa ukoo wa kwao, akaula amegeukia ukutani. Baba mkubwa hakuona shida yoyote. Alikuwa na wake wawili, kuku wengi, na jino la kutafunia nyama.

Mama alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hakuwa mjinga. Kila alipopika mlenda alibakiza chini ya chungu, akanikabidhi na kusema, "Nenda ukakioshe korongoni." Tulikuwa na maji nyumbani. Nilikwenda korongoni, pale wachungaji walipochimba mchanga kunywesha ng'ombe, nikakaa kwenye kivuli cha ukingo nikakikwangua chungu mpaka kikawa kisafi kweli.

Huko ndiko nilikokutana na mtoto wa yule mzee wa Haneti. Tulifahamiana tangu darasani misheni, alikuwa akiketi mbele yangu na masikio yake yakinizuia kuona ubao. Naye alikuwa amefungwa na mwiko uleule, maana baba mkubwa alikwenda mpaka kwa baba yake akamweleza, na yule mzee, mtu asiyependa ugomvi, akakubali. Alinikuta nakwangua chungu. Akasema, "Dada wa ukoo, unafanya nini?"

"Naosha chungu cha mama."

"Hakijatakata," akasema, akaketi, akaingiza vidole.

Nilimpenda kwa hilo. Wengine hupendwa kwa kucheza ngoma vizuri au kwa ng'ombe wa baba zao, lakini huyu nilimpenda kwa kuwa alikula mlenda mbele yangu bila kuangalia nyuma. Tulikula chungu kimoja kiangazi chote na kiangazi kilichofuata, na hakuna aliyetokwa na mabaka. Mwishoni alisema atamtuma mshenga.

Mshenga akaja, mzee mwenye heshima zake, akapiga hodi, akasalimia "Mbukweni," akakaribishwa kigoda. Alipotaja jina la aliyemtuma, baba mkubwa alisimama kama aliyekalia siafu.

"Hao ni jina moja nasi! Unataka nimwoze mtoto kwa kaka yake?"

Mshenga alishangaa. Akamkumbusha, kwa adabu, kwamba yule mzee anatoka Haneti, kwamba mababu zake wanajulikana mmoja mmoja, kwamba hakuna aliyewahi kukutana na hao mababu zetu wa Ulaya hata safarini. Baba mkubwa hakutaka kusikia. Mababu wa Haneti, alisema, waliishia kwenye maji ya ubatizo. Sasa ni jina moja, ukoo mmoja, mwiko mmoja, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Akaniita mbele ya mgeni, akaniamuru kuanzia siku hiyo nimwite kijana yule kaka.

Nilikuwa nikimwogopa baba mkubwa, kama sote. Lakini siku ile nilimdharau, na dharau ikishaingia uoga hupungua. Mtu aliyetuvalisha ukoo wa kuokota sasa alikuwa akitumia ukoo huohuo kuninyima mume.

Mshenga alikuwa mjuzi wa mambo haya. Alisema kuna koo kubwa ambazo zamani ziligawanyika milango miwili, na milango hiyo huoana bila lawama. Labda ukoo wa Bwana nao uligawanyika, na kama ndivyo, sisi tushike mlango mmoja na watu wa Haneti washike mwingine. Kwa nini asiulizwe mwenyewe? Baba mkubwa hakuweza kukataa, maana kukataa kungekuwa kukiri kwamba hajui yote. Wakakubaliana waende misheni: yeye, mzee wa Haneti na mshenga. Mimi nilibeba kuku wa zawadi, kwa hiyo nilikuwepo, nje ya dirisha, kuku kwapani.

Bwana alifurahi kupita kiasi. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza habari za kwao kwa bidii namna ile. Aliwakalisha, akawapa chai, akaanza na yule mchunga kondoo. Mshenga alimkata kwa upole akamwuliza kama kuna siku ukoo huo uligawanyika. Bwana akafikiri, akasema ndiyo. Babu yake, mshona viatu, aligombana na ndugu yake juu ya duka, yule ndugu akahamia mji mwingine, na hawakuongea tena mpaka kufa.

Nilimkumbatia kuku kwa nguvu hadi akalia. Milango miwili! Mshenga naye alipiga goti lake kwa furaha. Yule mzee wa Haneti alitabasamu, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akitabasamu.

"Lakini yote yaliisha vizuri," Bwana akaendelea, maana hakujua kunyamaza panapofaa. "Watoto wao walipatana. Baba yangu alimwoa binti wa yule ndugu. Mama yangu na baba yangu walikuwa na jina moja hata kabla ya harusi!"

Alicheka peke yake. Mtoto wa kaka kumwoa mtoto wa mdogo mtu, damu ya kiumeni moja, na mtu analisimulia hilo na biskuti mkononi! Mshenga alitazama sakafu. Hata mimi nje ya dirisha niliona haya kwa ajili ya Bwana.

Baba mkubwa alisimama taratibu. Nilidhani sasa atalitupa jina lile na kunawa mikono. Kumbe sikuujua bado ukubwa wa kichwa chake. Alisema, kwa sauti ya mfiwa, kwamba amesikia, kwamba ukoo wetu umepata doa huko Ulaya, na kwamba ni wajibu wetu sisi tuliobaki kuutakasa. Kuanzia sasa mtu wa jina hili asimwoe mtu wa jina hili, si mlango huu wala ule, mpaka mwisho wa dunia.

Bwana alipoelewa kilichokuwa kikijadiliwa alishtuka. Akasema hapana, vijana hawa si ndugu, waoane, yeye mwenyewe atawafungisha ndoa. Baba mkubwa akamtazama kwa huruma. "Bwana," alisema, "wewe ni mwema, lakini mila za ukoo wako huzijui."

Na Bwana akanyamaza. Hilo sikumsamehe upesi. Neno moja tu lingetosha: nirudishieni jina langu. Alilipenda mno likiwa vichwani mwa watu. Alisema hayo ni mambo ya familia, akampokea kuku, akatuaga.

Baada ya hapo baba mkubwa alinichumbia kwa mzee mmoja mjane wa Ihumwa, mwalimu wa dini, mtu mwenye kikohozi na mabinti wakubwa kuliko mimi. Mahari ilikuwa bado haijaletwa, na mama alikuwa akitafuta kila sababu ya kuchelewesha, mara mtama haujavunwa, mara jamaa zake hawajaarifiwa. Ndipo vita vikaanza kati ya Wajerumani na Waingereza, na hapo nilijifunza jina la mtu linaweza kuwa jepesi kiasi gani.

Bwana alichukuliwa asubuhi, na begi moja, akapelekwa kufungwa mbali. Kisha neno likaenea kwamba serikali inawatafuta watu wake, walimu wake, wote walio upande wa Mwingereza. Kabla jua halijatua baba mkubwa alikuwa Mgogo safi. Alilirudia jina la babu yake mzaa baba, ambalo miaka yote alikuwa akisema halitamkiki. Alipita nyumba hadi nyumba akitukumbusha watoto tulivyoitwa zamani. Mmoja wa wadogo zangu alikuwa hajawahi kulisikia jina lake halisi, ikabidi alifundishwe.

Askari walipokuja waliongozwa na Mjerumani mmoja na akida. Akida alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu wa uzao wa wafanyabiashara wa misafara, lakini alikuwa ameishi na Wagogo tangu utoto na alitujua ndani nje. Walitukusanya uwanjani mbele ya kanisa. Mjerumani akauliza ni nani hapa wanaojiita kwa jina la yule Mwingereza. Baba mkubwa aliuliza, kwa uso mkavu, Mwingereza gani.

Akida akatabasamu. Alimnong'oneza Mjerumani, kisha akageuka akasema, "Wazee wangu, hakuna haja ya kusumbuana. Si nyie wenyewe mlisema Wadachi ni watani wenu? Basi leo watani wamekuja kula nanyi. Ukoo wa yule padri hauli mlenda, nchi nzima inajua. Leteni mlenda. Atakayekula aende nyumbani kwake. Atakayekataa, tutajua ni wa nani."

Mama ndiye aliyekuwa na chungu motoni. Kililetwa na ugali, kikawekwa katikati ya uwanja, na watu wakaanza kuitwa mmoja mmoja. Mimi nilisimama na wanawake, nikiwaza jambo jingine kabisa. Nilikuwa nimeshaona. Kila atakayekula atakuwa amejitoa kwenye ukoo ule mbele ya kijiji kizima. Akila baba mkubwa, na wakila watu wa Haneti, hakuna tena jina moja, na hakuna wa kunizuia. Sijawahi kuombea chungu cha mlenda kama siku ile.

Baba mkubwa alikuwa wa kwanza. Hakusita hata kidogo. Alikata tonge kubwa, akalichovya, akalivuta, mlenda ukamning'inia kidevuni, akaulamba. Mtu huyu alitulisha ugali wa chumvi viangazi vyote vya utoto wetu! Alimaliza, akajipangusa, kisha akamtazama mama na kusema, "Niongeze kidogo, shemeji." Mama alimwongeza. Akida alicheka hadi akashika mbavu.

Wakaitwa watu wa Haneti. Kijana wangu alikuwa ameshakunja mkono wa shati, na nilimwona akinitafuta kwa macho katikati ya wanawake. Lakini baba yake alitangulia, na baba yake alisimama mbele ya chungu mikono nyuma.

"Mimi sili," alisema.

Akida alipoteza tabasamu. Nadhani hakutaka kumkamata mtu kama yule. "Mzee, ni mlenda tu. Kula twende."

"Yule mzungu alinilisha nikiwa nakufa," mzee akasema. "Asichokula, sili."

Alikuwa hajui kupaza sauti, kwa hiyo walio nyuma iliwabidi waulizane amesema nini. Kijana alimtazama baba yake, akatazama chungu, akanitazama mimi. Kisha akakunjua mkono wa shati lake mpaka kwenye kifundo, akaenda kusimama kando ya baba yake. Nilimchukia mzee yule. Kwa kitambo nilimchukia na kijana. Tonge moja tu lilikuwa kati yangu na maisha yangu, na wao walichagua kuwa waungwana.

Walifungwa kamba, wakapelekwa njia ya Ihumwa hadi Dodoma, na kutoka hapo wakabebeshwa mizigo ya jeshi. Baba mkubwa alirudi nyumbani ameshiba, akasema watu wa Haneti ni wakaidi kwa asili yao.

Miaka ile ya vita sitaisimulia. Ng'ombe walichukuliwa, nafaka ilichukuliwa, na yule mjane wa Ihumwa naye alichukuliwa, kwa hiyo sikuolewa na mtu. Waingereza walipoingia Dodoma na Wajerumani wakakimbia, baba mkubwa alikuwa uwanjani kuwapokea, na jina lake la Kiingereza mdomoni. Aliwaeleza alivyoteseka kwa ajili ya jina hilo. Wakampa koti, wakamfanya jumbe wa kijiji. Jioni yake alitangaza kwamba mwiko umerudi.

Na kijana wangu akarudi, peke yake, amekonda, bega moja limeshuka. Baba yake alifia njiani chini ya mzigo wa Wadachi. Alipomaliza kumlilia baba yake alimtuma mshenga yuleyule, na baba mkubwa, ndani ya koti lake, akatoa jibu lilelile: jina moja hawaoani.

Wazee waliitwa kusikiliza shauri. Mwanamke hasemi kwenye baraza la namna hiyo, na mimi sikuanza kwa kusema. Mama alipika, mimi nikabeba. Nilikiweka chungu mbele ya baba mkubwa, karibu kabisa na miguu yake.

"Baba mkubwa, karibu ule," nikasema. "Kama wewe ni wa jina lile, usile, na uwaambie wazee siku ile mbele ya Wadachi ulikuwa nani. Kama si wa jina lile, kula, nami niolewe."

Alisema mambo ya serikali si mambo ya ukoo. Alisema siku ile alilazimishwa, palikuwa na bunduki.

"Tonge la kwanza palikuwa na bunduki," nikamwambia. "La pili uliliomba mwenyewe."

Walianza kucheka vijana waliosimama nyuma, wakafuata wazee, hadi mshenga akalazimika kujifuta machozi. Baba mkubwa alitazama huku na huku akitafuta mtu mmoja asiyecheka, akamkuta kijana wangu tu. Wazee walikata shauri upesi. Aliyekula amejitoa, yeye na nyumba yake yote, na mimi ni wa nyumba yake. Kwenye nchi nzima ya Ugogo mwenye jina lile amebaki mmoja. Baba mkubwa na wanawe wakawaruhusu walitumie kwa mambo ya serikali, maana koti lilikuwa limeshashonwa.

Ndivyo nilivyolipata jina hili mara ya pili. Ya kwanza nilivishwa, ya pili niliolewa nalo. Na siku ya kwanza ya kumpikia mume wangu nilipika kitu kimoja tu, kile kilichotukutanisha. Nilitwanga karanga, nikachambua majani mabichi ya mvua za kwanza, nikaukoroga mlenda mpaka ukavutika kama uzi. Nikautenga mbele yake, nikaketi, nikanyoosha mkono ili tule pamoja.

Yeye aliulaza wake pajani. Kisha akasema, "Baba hakula."

Nilimwambia mwiko ule ulikuwa upuuzi, ulitoka kwenye ndevu za mzungu, yeye na mimi tulikula chungu baada ya chungu korongoni na hatukudhurika. Alisema anajua. Hakukasirika, wala hakunikataza kula. Alikula ugali wake na maziwa, na hivyo ndivyo alivyokula mpaka nilipomzika. Tuliishi vizuri, tuliheshimiana, nyumba moja na vyungu viwili. Watoto walimfuata baba yao, kama inavyopasa, na wajukuu wakawafuata watoto. Huyu mwenye tai anawaeleza wenzake ofisini kwamba kwao hawali mlenda kwa sababu wana asili ya Uingereza.

Nimemwambia amjibu yule mzungu kwamba hatuhusiani naye kwa lolote, kwamba jina hili ni la mchunga ng'ombe mmoja wa Haneti aliyefia njiani. Hakunielewa, na alikuwa na haraka ya kurudi kazini. Nilimpakulia ugali na nyama. Kisha nikageukia ukutani, kama mama alivyokuwa akifanya mbele yetu, nikala mlenda wangu peke yangu.